Kovu la Chanjo: Uchambuzi wa Kisa cha Kumchagua Mpasuaji wa Kifua

Kwa nini nakiandika

Simu zake huingia saa kumi na mbili asubuhi, boti za dagaa zikiwa zinashusha mzigo Kibirizi na mimi ndio kwanza natoka zamu ya usiku. Kwake, Marekani, huwa ni saa nne usiku wa jana. Mwaka 2023 tulizungumza hivyo karibu kila wiki, na mara zote tulirudi kwenye swali moja: nani ampasue?

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Kigoma. Anayepiga ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mbalimbali. Nitamwita Idi. Idi alizaliwa akaandikwa mtoto wa kike, akalelewa hivyo, lakini tangu utotoni alijijua kuwa ni mwanamume, na sasa ni miaka mingi anaishi hivyo. Alichokuwa anatafuta ni upasuaji wa kifua, yaani kuondoa matiti na kukiunda kifua kiwe bapa. Bima ya kazini kwake inaulipia.

Upasuaji huo hapa Kigoma haufanyiki, na sheria na taratibu za bima nitakazozieleza ni za huko. Hata hivyo nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu watu wetu wametawanyika. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka ziwa, na wengi waliotoka humo leo wako Marekani, Kanada na Australia. Wakiugua huko, wanapiga simu huku. Ndugu anayepokea simu amezoea hospitali na bima za kwetu, na anaweza kutoa ushauri mbovu kwa moyo safi kabisa. Mimi niliutoa, na nitausema bila kuuficha.

Idi amesoma kila aya na kuniruhusu. Jina, umri, kazi na mengine ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha au kuyaacha. Hospitali, kampuni ya bima na madaktari hawatajwi.

Usuli

Idi ana miaka 27. Anafanya kazi ghalani, kupokea na kupanga maboksi, zamu yenye urefu wa saa kumi. Anaishi na shangazi yetu, dada wa baba. Kwa miaka alikuwa akibana kifua kwa fulana ngumu mchana kutwa. Ngozi ya mbavuni ilichubuka ikapona ikachubuka tena, na akipanda ngazi na mzigo pumzi ilimkata. Sindano za homoni alikwisha zizoea. Kilichobaki kumkwaza kila asubuhi mbele ya kioo ni kifua.

Kiswahili kilitupunguzia kazi moja. "Mdogo wangu" halina mume wala mke, na "amekuja" ni amekuja tu. Mahali pekee palipotutaka tuamue ni kwa wanangu, kwa sababu dada wa mama ni mama mdogo na kaka wa mama ni mjomba. Walianza kumwita mjomba wakiwa wadogo, na kwao hakuna lililowahi kubadilika.

Mwili wake ulikuwa na mambo matatu ambayo mpasuaji yeyote alipaswa kuyajua. La kwanza ni ukubwa wa kifua. Kifua kikiwa kidogo na ngozi inarudi vizuri ikivutwa, mpasuaji anaweza kupitia ukingoni mwa duara la chuchu, kovu likawa dogo. Kikiwa kikubwa, hukata mistari miwili mirefu chini ya matiti, huondoa nyama na ngozi iliyozidi, kisha huitoa chuchu, huipunguza na kuipandikiza mahali papya kama kipande cha ngozi. Kifua huwa bapa, lakini makovu ni marefu na chuchu hupoteza sehemu kubwa ya hisia zake. Idi alikuwa wa njia hii ya pili.

La pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukoo wa baba unayo. Tulimzika ndugu yetu mmoja kwa ugonjwa huo. Idi hakuwahi kupimwa utotoni.

La tatu, ambalo ndilo lililokuja kuamua kisa chote, lilikuwa begani. Ni kovu la chanjo ya kifua kikuu, BCG. Karibu kila mtu wa umri wetu analo, kidoa kidogo kilichobonyea. La Idi halikubonyea. Lilivimba, likang'aa, likakua taratibu mpaka likawa kama punje ya harage, na bado linawasha akitoka jasho. Ngozi ya namna hiyo huota keloidi, yaani kovu linalokua kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Watu weusi tunazipata zaidi, na mabega, masikio na katikati ya kifua ndipo zinapopenda.

Barua na tarehe ya kuzaliwa

Bima ilitaka kibali cha awali, na ili kibali kitoke ilitaka barua ya mtaalamu wa afya ya akili. Miongozo ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, katika toleo la 8 la mwaka 2022 inasema barua moja inatosha. Bima ya Idi nayo ilitaka moja tu. Ilipaswa kuwa rahisi.

Barua ilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa na jina analolitumia, wakati kadi ya bima ina jina la zamani. Mara ya pili jina lilikuwa sawa, tarehe ikagoma. Watu wengi waliopitia kambini, Idi akiwemo, wameandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa siku ya kuandikishwa hakuna aliyekuwa na cheti. Mtaalamu alimuuliza Idi amezaliwa lini, naye akajibu ukweli aliouambiwa na mama yake. Ukweli ule haukufanana na kadi. Wiki tano zikapotea. Kama una ndugu aliyetoka kambini, mwambie barua zote ziandikwe kama kadi ilivyoandikwa, hata kama kadi imekosea, na jina analolitumia liongezwe kwenye mabano.

Orodha ya bima

Hapa nilianza kumpotosha.

Kwetu, mgonjwa mwenye kadi ya bima anapanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Maweni, hospitali ya mkoa, na ikishindikana anaandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Hospitali ikikubali kadi, imekubali. Mgonjwa hakai akawaza kwamba daktari ana mkataba wake, chumba cha upasuaji kina wake na mtaalamu wa usingizi ana wake. Nikamwambia, "Tafuta hospitali inayopokea bima yako, mengine yatajipanga."

Hayakujipanga. Huko kila mmoja anasimama peke yake mbele ya bima, na maneno mawili yanayofanana sana yana maana tofauti kabisa. Ofisi ya daktari ikisema "tunapokea bima hiyo", inaweza kuwa na maana kwamba itaipelekea bima madai, itapata kitakachopatikana, na kinachobaki utadaiwa wewe. Kuwa na mkataba na bima ni jambo lingine: daktari amekubali bei ya bima na hawezi kukudai zaidi ya sehemu yako. Idi aliuliza swali la kwanza kwa wiki tatu akidhani ni la pili.

Orodha iliyo kwenye tovuti ya bima nayo haikuaminika. Kati ya majina saba ya wapasuaji wa kifua, wawili walikwisha hama, mmoja alistaafu, mmoja hakuwa akifanya upasuaji huo. Nilipoelewa hali ilivyo nikabadilisha ushauri: apige bima, si ofisi ya daktari, awape jina la mpasuaji, jina la hospitali atakamopasuliwa na namba ya upasuaji wenyewe. Kila upasuaji una namba ambayo madaktari na bima wanaitumia. Wa kuondoa titi ni 19303, wa kuunda chuchu ni 19350. Ukitaja namba, anayekujibu hana pa kukwepea. Na kila simu Idi aliandika tarehe, jina la aliyezungumza naye na namba ya mazungumzo hayo. Daftari lile la shule, la kurasa 80, lilikuja kuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho.

Madaktari watatu

Daktari wa kwanza alipatikana kwenye simu. Picha zake zilikuwa nzuri mno: vifua bapa, mistari iliyonyooka. Hakuwa na mkataba na bima. Alitaka dola 500 za kushikilia nafasi, na Idi alizilipa kabla ya kuniambia, kwa sababu alijua ningesema subiri. Hazikurudi. Usiku mmoja nikamwomba azihesabu zile picha pamoja nami, moja moja. Watu weusi walikuwa wawili. Na chini ya kila picha paliandikwa "wiki ya 6".

Nikamwuliza, "Kovu lako la begani lilivimba baada ya muda gani?"

Akanyamaza kidogo. "Mama alikuwa akisema lilianza nikiwa natambaa, dada."

Mtoto anachanjwa akizaliwa, anatambaa baada ya miezi. Keloidi haina haraka. Wiki ya sita kovu lolote linaweza kupendeza. Picha za wiki ya sita zinaonyesha mkono wa mshonaji. Hazionyeshi ngozi itakavyoitikia. Tangu siku hiyo tukawa tunaomba picha za mwaka mmoja, za watu wenye ngozi kama yetu.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke, mpasuaji wa saratani ya matiti, nusu saa tu kwa gari kutoka nyumbani kwa shangazi. Ana mkataba na bima. Upasuaji wa aina ya Idi aliufanya mara chache kwa mwaka, na alisema hivyo waziwazi, jambo nililomheshimu. Kuhusu makovu alijibu, "Likivimba tutaliangalia." Begani hakutazama.

Mimi nilimtaka huyu, na nilimsukuma Idi kweli kweli. Nilikuwa na sababu. Hatari kubwa ya mapema katika upasuaji huu ni damu kujikusanya chini ya ngozi, na mara nyingi hutokea ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Nimeshuhudia vifua vikifunguliwa upya saa nane za usiku. Mgonjwa aliye nusu saa kutoka kwa mpasuaji wake ananipa usingizi. Sikumwambia Idi kwamba hofu hiyo ni yangu. Niliisema kama ushauri wa kitaalamu. Kisha bima ilipopigiwa kwa namba na majina, ikaonekana kwamba daktari ana mkataba lakini hospitali anakopasulia haina.

Daktari wa tatu yuko hospitali ya chuo kikuu, saa sita kwa basi. Daktari na hospitali, wote wana mkataba. Foleni ilikuwa miezi mitano. Idi alienda kumwona akiwa amechoka na wazo lote.

Alichonisimulia aliporudi nakikumbuka neno kwa neno karibu. Daktari alimwomba avue shati, na kabla ya kutazama kifua alizunguka mgongoni, akatazama mikono, akafika begani akasimama. Akauliza, "Hiki ni nini?" Marekani hawawachanji watoto wote BCG, kwa hiyo si kitu wanachokiona kila siku. Idi akaeleza. Daktari akaligusa, akauliza kama linawasha, kama linaendelea kukua, kama kuna mtu katika familia aliyetoboa masikio yakavimba. Mama yake Idi aliacha kuvaa hereni kwa sababu hiyo hiyo. Yote yakaandikwa.

Kisha akachukua kalamu akamchorea. Kifua kikiwa kikubwa, mistari miwili ya kukata huelekea kukutana katikati, juu ya mfupa wa kifua. Akasema kwa ngozi hii hataki ikutane, kwa sababu hapo katikati ngozi inavutwa sana na ndipo keloidi zinapoota vibaya. Afadhali abakize kikunjo kidogo cha ngozi kuliko kuipitisha kisu mahali hapo. Akamweleza pia kwamba chuchu iliyopandikizwa kwa mtu mweusi inaweza kubambuka, ikawa na mabaka meupe, na rangi kurudi kwa miezi mingi au isirudi yote. Akaonyesha picha za miezi 12 na 18. Mojawapo ilikuwa na kovu baya, nene. Aliionyesha mwenyewe, bila kuulizwa.

Alipoulizwa kuhusu selimundu aliagiza kipimo siku hiyo hiyo. Idi ana kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu. Haumwi, ila wa usingizi alitaarifiwa wamtunze joto na maji ya kutosha.

Uamuzi

Tuliandika karatasi moja. Maswali yale yale kwa wote watatu, majibu kando kando. Nilitarajia tutajumlisha alama kama mtihani, lakini tulipolifikia swali la kovu hatukuendelea. Mmoja aliona, wawili hawakuona.

Kilichobaki ni hofu yangu ya umbali. Idi aliipeleka kwa daktari kama ilivyo: "Dada yangu ni muuguzi Kigoma, anauliza nikivuja damu usiku itakuwaje." Jibu lilikuja na mpango: alale hospitali usiku wa kwanza badala ya kurudishwa siku ile ile, kisha akae wiki nzima jirani na hospitali, kwenye nyumba ya bei nafuu inayopokea wagonjwa na ndugu zao. Shangazi angeambatana naye. Kazini angechukua likizo ya ugonjwa, ile ya sheria ya Marekani inayomlindia mtu kazi yake hadi wiki 12 bila mshahara ikiwa amemaliza mwaka na mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi.

Shangazi hakuwa ameulizwa bado. Idi alimwambia jikoni, akiwa anasonga ugali. Alimwambia yote. Shangazi aliendelea kusonga, akaepua, akasema, "Huko utakakolala wana jiko?"

Bima inakataa chuchu

Kibali kilikuja nusu. Kuondoa matiti, 19303, ndiyo. Kuunda chuchu, 19350, hapana, eti ni urembo.

Niseme wazi kwamba jambo hili lilinikasirisha na bado linanikasirisha. Chuchu hutolewa na kurudishwa katika upasuaji ule ule, mgonjwa akiwa amelala. Kukataa ni kumwambia alipie mwenyewe au aamke bila chuchu. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani hawamwambii hivyo. Marekani wana sheria ya mwaka 1998 inayozitaka bima zinazolipia kuondoa titi zilipie na kuliunda upya.

Ofisi ya daktari ilipiga simu kwanza, daktari kwa daktari. Haikusaidia. Ikaandikwa rufaa. Mgonjwa ana siku 180 za kukata rufaa ndani ya bima, na kwa tiba ambayo haijafanyika bima inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa tena, kuna ngazi ya watathmini wa nje wasioajiriwa na bima, na muda wa kuiomba ni miezi minne. Rufaa ile ilikuwa na kurasa nne tu. Nguvu yake ilikuwa ukurasa wa sera ya bima yenyewe, ambako iliandikwa kwamba upasuaji wa kifua wa kuthibitisha jinsia unajumuisha kuiweka chuchu mahali pake. Idi aliitafuta sera hiyo usiku mbili, akaipata, akaipigia mstari. Siku ya 26 walikubali.

Upasuaji na wiki zilizofuata

Ulifanyika Novemba 2023. Ulichukua saa tatu na kidogo. Hakuvuja damu. Nilikuwa nimekaa na simu mkononi tangu alfajiri, na nilipoona ujumbe wa shangazi, "Ametoka, anaomba chai", niliinuka nikaenda nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Siku ya kwanza hospitali iliweka mkalimani wa Kiswahili kwenye simu kwa ajili ya shangazi, kwani ndiye angemhudumia. Ilisaidia kweli. Kuna mirija miwili inayotoka chini ya kwapa na vikopo vya kukusanyia majimaji, inapaswa kukamuliwa, kupimwa na kuandikwa. Shangazi hajui Kiingereza, lakini amelea watoto tisa na hesabu za kipimo hazimshindi.

Tatizo lilitokea siku ya tisa, wakiwa wamekwisha rudi nyumbani. Mrija wa kushoto ulikuwa bado unatoa maji mengi wakati wa kuondoka, ikaamuliwa uondolewe baadaye kliniki ya karibu. Kliniki ya karibu ikasema haigusi mrija uliowekwa na mpasuaji mwingine. Idi akasafiri tena saa sita kwenda, kwa basi, na saa sita kurudi, kifua kimefungwa, kwa kazi ya dakika mbili. Jirani wa Kisomali alijitolea kumrudisha kwa gari.

Kutoka Kigoma nilikuwa na kazi moja iliyonishinda mara mbili. Bibi alituma ujumbe kwamba kidonda kikifunga apakwe mawese ya moto ili kovu lilainike. Bibi hapingwi. Nilichofanya ni kumwomba Idi aseme ameyapokea na kushukuru, na mawese akayapikie maharage.

Matokeo

Kifua ni bapa. Idi anavaa fulana moja nyepesi kazini. Chuchu ya kulia ilirudisha rangi yote. Ya kushoto ina baka jeupe la ukubwa wa ukucha, kama alivyotahadharishwa.

Wiki ya 11 mwisho wa kovu la kulia, karibu na kwapa, ulianza kuwasha na kunyanyuka. Kwa kuwa ilikwisha andikwa tangu siku ya kwanza kwamba ngozi yake inaota keloidi, hakuna aliyemwambia asubiri. Alichomwa sindano ya steroidi ndani ya kovu wiki iliyofuata, akarudia kila baada ya wiki tano hivi, na vibandiko vya silikoni kila siku. Sindano nne zilitosha kulituliza. Daktari aliandika "kuwasha na maumivu", si "mwonekano", na bima ililipa.

Ililipa, lakini Idi naye alilipa. Katika bima yake, kila mwaka anatoa dola 2,000 za kwanza mwenyewe kabla ya bima kuanza, na hesabu inaanza upya tarehe 1 Januari. Novemba alikwisha zimaliza. Sindano za Februari zikamkuta mwanzo wa mwaka mpya, akaanza kutoa tena.

Uchambuzi

Kilichomsaidia Idi zaidi ni swali lililotoka kwenye mwili wake mwenyewe. Wengi huuliza daktari amefanya upasuaji mara ngapi, na ni swali halali. Daktari wa kwanza angelijibu vizuri kuliko wote. Lakini wingi wa kazi kwenye ngozi nyingine haukutujibu sisi. Kovu la BCG lilikuwa jaribio lililokwisha fanyika miaka 27 iliyopita na matokeo yake yako begani. Mpasuaji aliyelitazama alibadilisha mahali pa kukata, akapanga matibabu ya kovu kabla kovu halijakuwepo, na maandishi yake ndiyo yaliyoharakisha sindano baadaye. Mtu asiye na kovu la chanjo atazame masikio, magoti, alama za chale, mahali alipopasuliwa ngiri. Mwili wa Mtanzania una kumbukumbu nyingi za namna hiyo, na mtu aonyeshe zote bila kungoja kuulizwa.

Daftari la simu na matumizi ya namba vilifanya kazi. Rufaa iliyosimama juu ya maneno ya bima yenyewe ilifanya kazi. Kuhusu mtaalamu wa usingizi, tulihofia bure: sheria iliyoanza Januari 2022 huko inazuia daktari asiye na mkataba, anayekutana na mgonjwa ndani ya hospitali yenye mkataba, kumletea bili ya kushtukiza. Tungelijua hilo tungeokoa simu kadhaa.

Yaliyoshindikana yalikuwa matatu, na mawili ni yangu. Nilichukua ramani ya bima ya kwetu nikampa aitembelee nchi nyingine, ikamgharimu wiki tatu. Nikaivalisha hofu yangu sare ya uuguzi. Kama hospitali ya daktari wa pili ingekuwa na mkataba, nadhani Idi angenisikiliza, angepasuliwa karibu na nyumbani, na mistari ingekutana katikati ya kifua. Silijui hilo kwa hakika, lakini naliwaza. La tatu ni letu sote, hospitali ikiwemo: kila mmoja alipanga siku ya upasuaji na hakuna aliyepanga mrija. Mgonjwa wa mbali anahitaji karatasi yenye jina la kliniki ya karibu iliyokubali mapema, kwa maandishi, kuondoa mrija na nyuzi. Bila hiyo, akae jirani na mpasuaji mpaka mrija wa mwisho utoke.

Kuhusu Januari, bado tunabishana. Mimi nasema mtu mwenye ngozi ya keloidi na bima ya namna ile angepanga upasuaji mwezi wa pili au wa tatu, ili miezi ya sindano iangukie mwaka ule ule. Idi anasema angengoja miezi minne zaidi na fulana ile ya kubana, na hizo dola 2,000 hazifiki hata nusu ya thamani ya hiyo miezi minne. Nimemwachia.

Mwezi uliopita alipiga kwa video, Jumapili, ili awaone watoto. Alikuwa nje uwanjani kwa shangazi, kifua wazi, jua linawaka. Mwanangu wa miaka saba akasogeza uso kwenye simu, akapita makovu mawili marefu bila kuyatazama, akaonyesha begani: "Mjomba, hilo na mimi ninalo." Akapandisha mkono wa shati.